Kijana hakusimama alipowashiwa taa na polisi: anakabiliwa na adhabu gani California?

Mama mmoja mzaliwa wa Bukavu, ambaye sasa anaishi San Diego katika jimbo la California, ameuliza swali ambalo nalijibu kwa urefu kwa sababu familia nyingi za wakimbizi na wahamiaji zinaweza kujikuta mahali pake. Mwanawe mwenye umri wa miaka 22, aliye na kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani), alikuwa akirudi kutoka kazini saa tano usiku akiendesha gari la mama yake, ndipo gari la polisi likamwashia taa kwa nyuma kwenye El Cajon Boulevard. Usajili wa gari ulikuwa umekwisha muda wake. Kijana hakusimama, aliendelea kwa zaidi ya maili moja, akapita taa nyekundu moja na alama moja ya kusimama, akafika uani kwao, na hapo ndipo alipokamatwa. Polisi wanadai pia kwamba alizidisha mwendo. Hati ya mashtaka inataja kifungu cha 2800.2 cha Sheria ya Magari ya California. Gari limezuiliwa, kijana ameachiliwa akisubiri siku ya mahakama, na mjomba anamshauri aende kituoni akamweleze askari kwamba aliogopa tu. Mama anauliza: je, atafungwa, atafukuzwa nchini, gari litarudi lini, na ushauri wa mjomba ufuatwe?

Pole sana, mama. Nianze na jambo lisiloweza kungoja: ushauri wa mjomba usifuatwe, hata kama umetolewa kwa upendo. Mwanao asiende kituoni, asimpigie simu askari, wala asiandike chochote kuhusu usiku ule kwa rafiki au kwenye mitandao, mpaka awe amekaa na wakili wake. Sababu yake haieleweki vizuri bila kujua kwanza ni mambo gani ambayo mwendesha mashtaka anatakiwa kuyathibitisha, kwa hiyo nianzie hapo.

Sheria ya California imelipanga kosa la kumkwepa polisi kwa ngazi, na ngazi ya kwanza ni kifungu cha 2800.1. Kifungu hicho hakimwadhibu kila dereva aliyechelewa kusimama. Kinamwadhibu dereva ambaye, kwa makusudi na akiwa na nia ya kukwepa, alilikimbia gari la polisi lililokuwa likimfuata, na kinaweka masharti ambayo lazima yote yawepo kwa pamoja: gari la polisi liwe limewasha angalau taa moja nyekundu inayoonekana kwa mbele, na dereva awe ameiona au ilimpasa kuiona, king'ora kiwe kinalia kadiri ilivyohitajika, gari lenyewe liwe na alama bayana zinazolitambulisha kuwa ni la polisi, na askari anayeliendesha awe amevaa sare inayotambulika. Sharti moja likikosekana, kosa hili halikutimia, ingawa huenda kukabaki kosa jingine dogo, kama vile kutotii amri halali ya askari.

Masharti haya si mapambo. Mwaka 2006, katika kesi ya Hudson, Mahakama Kuu ya California ilieleza kwamba taa nyekundu na king'ora peke yake havitoshi kulifanya gari liwe na alama bayana. Lazima pawe na kitu kingine kinachoonekana na madereva wengine na kulitofautisha gari hilo na magari ya kawaida. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo wakili wa mwanao atauliza ni la kawaida kabisa: gari lililomfuata lilikuwa la aina gani? Lilikuwa na nembo mlangoni na taa juu ya paa, au lilikuwa gari la rangi moja lisilo na maandishi? King'ora kililia kuanzia wapi? Majibu hayapatikani kwa kumbukumbu tu. Yamo kwenye kamera za askari, kwenye kumbukumbu za mawasiliano yao ya redio, na pengine kwenye kamera za maduka ya El Cajon Boulevard, ambazo mara nyingi hufuta picha zake baada ya muda mfupi. Mwombeni wakili aanze kuzitafuta mapema.

Baada ya masharti hayo inakuja nia, na hapa ndipo penye uzito wote wa kesi ya mwanao. Nia ya kukwepa ni jambo lililo moyoni, na upande wa mashtaka hulithibitisha kwa mambo ya nje: dereva aliongeza mwendo au alipunguza? Aliwasha taa za tahadhari? Alikata kona ghafla? Alizima taa za gari? Dereva anayepunguza mwendo, akawasha taa za tahadhari na kusogea hadi kituo cha mafuta chenye mwanga, anaweza kuonyesha kwamba alikuwa akitafuta mahali salama pa kusimama na wala hakuwa akimkimbia mtu. Dereva aliyepita taa nyekundu huku king'ora kikilia nyuma yake ana kazi ngumu zaidi ya kuliambia jopo la raia 12 neno hilo hilo. Tena hofu zina aina mbili, na sheria haizitazami kwa jicho moja. Kuhofia usalama wako mahali penye giza kunaweza kuonyesha kwamba hukuwa na nia ya kukwepa. Kuhofia kukamatwa kwa sababu usajili wa gari umekwisha, kinyume chake, ndiyo sababu hasa inayowafanya watu wakwepe. Sasa tazama, mama, kitakachotokea kijana akifika kituoni na kusema kwa unyofu, "Niliwaona, lakini niliogopa kwa kuwa karatasi za gari zilikuwa zimekwisha." Kwa sentensi hiyo moja amekiri kwamba aliiona taa na ametaja sababu ya kukimbia, mambo mawili ambayo vinginevyo serikali ingelazimika kuyathibitisha pasipo shaka ya maana. Askari atayaandika, na maneno hayo yatasomwa mahakamani.

Nakubali kwamba hofu ya vijana wetu ina historia yake. Wengi waliokulia Kongo au makambini wamejifunza kwamba mtu mwenye bunduki njiani usiku si lazima awe mlinzi wako. Zaidi ya hapo, katika miji mingi ya Afrika Mashariki na Kati askari wa barabarani husimama kando ya barabara akainua mkono, nawe unamwona kwa mbele. California gari la doria huja kwa nyuma, na kimya chako barabarani huhesabiwa kuwa jibu. Mambo haya wakili anaweza kuyaeleza mahakamani kwa namna na kwa wakati unaofaa. Yakisemwa kituoni bila wakili, hayamsaidii kijana.

Ngazi ya kwanza peke yake ni kosa dogo la jinai. Maandishi ya kifungu yanataja jela ya kaunti kwa muda usiozidi mwaka mmoja, lakini kutokana na kifungu cha 18.5 cha Sheria ya Adhabu ya jimbo, kikomo halisi cha makosa ya aina hiyo ni siku 364. Siku hiyo moja iliyoondolewa ina maana kubwa kwa wasio raia, nami nitaifikia.

Mwanao, hata hivyo, ameshtakiwa kwa ngazi ya pili, yaani 2800.2, ambayo ni kumkwepa polisi huku dereva akipuuza kwa makusudi usalama wa watu au mali. Adhabu yake yaweza kuwa gereza la jimbo kwa miezi 16, miaka 2 au miaka 3. Au jela ya kaunti kwa muda usiopungua miezi 6 na usiozidi mwaka mmoja. Mahakama inaweza pia kutoza faini ya dola 1,000 hadi 10,000. Pia hukumu hiyo huongeza pointi mbili, yaani alama za makosa, kwenye rekodi ya leseni, jambo ambalo kampuni za bima huliona mara moja.

Kinachowashangaza wengi ni jinsi ilivyo rahisi kupanda kutoka ngazi ya kwanza hadi ya pili. Kifungu chenyewe kinasema kwamba kupuuza usalama kunahesabiwa kuwapo ikiwa, wakati wa kukimbia, dereva alitenda makosa matatu au zaidi ya barabarani yenye pointi, au ikiwa mali iliharibika. Kupita taa nyekundu ni pointi moja. Kupita alama ya kusimama ni pointi moja. Kuzidisha mwendo ni pointi moja. Usajili uliokwisha hauna pointi, kwa hiyo haumo katika hesabu hii. Ukiyajumlisha, unaona kwamba mashtaka dhidi ya mwanao yanasimama kwa mguu wa tatu, yaani dai la mwendo. Wakili akiweza kuonyesha kwamba mwendo haukupimwa, au kwamba askari aliukadiria tu akiwa mbali, hesabu ya makosa matatu inapungua, na mwendesha mashtaka atalazimika kuthibitisha kwa njia nyingine kwamba kijana alipuuza usalama wa watu: kulikuwa na wapita njia? magari mengine yalilazimika kufunga breki? Ni maswali ambayo saa tano usiku, kwenye barabara yenye magari machache, yanaweza kuwa na majibu mazuri kwa upande wenu.

Ngazi za juu hazimhusu mwanao, nashukuru, lakini zitajwe. Kukimbia kwa kwenda kinyume na mwelekeo wa magari ni kosa la kifungu cha 2800.4, lenye faini hiyo hiyo na uwezekano wa gereza la jimbo. Mtu akijeruhiwa vibaya katika mbio hizo, kifungu cha 2800.3 kinaruhusu kifungo cha miaka 3, 5 au 7. Mtu akifa, miaka 4, 6 au 10, hata kama dereva hakumkusudia mtu huyo baya lolote.

Nirudi kwenye ngazi ya pili, kwa maana ina mlango ambao watu wasiofahamu huupita bila kuuona. Kosa la 2800.2 laweza kuhukumiwa ama kama kosa kubwa la jinai ama kama kosa dogo. Mwendesha mashtaka anaweza kulishusha tangu mwanzo, na jaji anaweza kulishusha baadaye kwa mamlaka ya kifungu cha 17(b) cha Sheria ya Adhabu. Kijana wa miaka 22 asiye na rekodi, mwenye kazi, ambaye hakumgonga mtu wala kitu na aliyesimama mwenyewe, ana hoja ya kweli ya kuomba hivyo. Na mashtaka yakishushwa hadi 2800.1, tangu mwaka 2021 jaji ana uwezo, chini ya kifungu cha 1001.95, kuisimamisha kesi ya kosa dogo kwa kipindi kisichozidi miezi 24, akampa mshtakiwa masharti ya kutimiza, na akayafuta mashtaka yakitimizwa; anaweza kufanya hivyo hata mwendesha mashtaka akipinga. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo shabaha ambayo wakili wa mwanao angefaa kuilenga, kwa sababu njia hiyo haimlazimu mshtakiwa kukiri kosa. Barua za mwajiri, za shule, za kanisa au msikiti, na risiti ya usajili wa gari uliokwisha kulipiwa, zikusanywe kuanzia leo. Usajili huo ulipeni sasa, msingoje kesi iishe.

Sasa swali linalokunyima usingizi, la kufukuzwa nchini. Mwenye kadi ya kijani anaweza kuondolewa Marekani kwa makundi fulani ya makosa, na yanayoogopwa zaidi katika kesi kama hii ni makosa ya upotovu wa maadili (yale yanayohesabiwa kuwa maovu hasa kitabia), makosa ya matumizi ya nguvu, na yale ambayo sheria ya shirikisho huyaita makubwa kupita kiasi. Kuhusu 2800.2, mahakama ya rufaa ya shirikisho ya eneo la tisa, ambayo maamuzi yake yanawafunga majaji wa uhamiaji walioko California, iliamua mwaka 2017 katika kesi ya Ramirez-Contreras kwamba kosa hili kwa jinsi lilivyoandikwa si kosa la upotovu wa maadili. Hoja yake inafaa kueleweka. Kwa kuwa sheria inaruhusu mtu kutiwa hatiani kwa makosa matatu yoyote yenye pointi, inawezekana mtu akatiwa hatiani bila kumhatarisha mtu yeyote kikweli. Mahakama Kuu ya California ilikuwa imeona jambo hilo hilo mwaka 2005 katika kesi ya Howard, ilipokataa kulichukulia kosa hili kuwa la hatari kwa asili yake. Hivyo ule ulegevu wa sheria unaorahisisha kumtia kijana hatiani ndio pia unaomkinga mbele ya jaji wa uhamiaji.

Lakini kinga hiyo inahusu kifungu hiki tu. Mwendesha mashtaka akiongeza shtaka la kumshambulia askari kwa gari, au mwanao akikubali shtaka jingine lolote ili amalize kesi haraka, hesabu nzima inabadilika. Hapo ndipo zile siku 364 zinapoingia: kwa mtu asiyezidi miaka mitano tangu alipopokelewa nchini, kosa moja la upotovu wa maadili humweka katika hatari ya kuondolewa ikiwa kosa hilo laweza kuadhibiwa kwa mwaka mmoja au zaidi, na kosa dogo la California halifiki kiwango hicho. Kadhalika, ombi la uraia haliwezi kuidhinishwa mtu akiwa bado katika kipindi cha uangalizi wa mahakama, na afisa wa uhamiaji atauliza habari za kukamatwa hata kama kesi ilifutwa. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Padilla mwaka 2010, wakili wa utetezi ana wajibu wa kikatiba kumweleza mteja asiye raia kama kukiri kosa kunahatarisha ukaazi wake. Mwulizeni wakili swali hilo wazi: "Makubaliano haya yatafanya nini kwenye kadi yake ya kijani?" Kama hana jibu la hakika, aombe ushauri wa wakili wa uhamiaji kabla kijana hajatamka neno la kukiri. Familia isiyo na fedha ina haki ya wakili wa utetezi anayelipwa na serikali, na hao wamezoea kushauriana na wataalamu wa uhamiaji.

Umesema alikamatwa uani. Kama askari walimfuata hadi ndani ya nyumba au ndani ya gereji bila hati ya mahakama, mwelezeni wakili. Katika kesi ya Lange ya mwaka 2021, iliyotoka hapa hapa California, dereva wa Sonoma aliwashiwa taa akiwa karibu kufika kwake, akaendelea na kuingia gereji yake, naye askari akamfuata ndani. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kumfukuza mtu anayeshukiwa kosa dogo hakumpi askari ruhusa ya moja kwa moja ya kuingia nyumbani. Kila tukio litazamwe kwa mazingira yake. Kukamatwa nje uani ni jambo tofauti, kwa hiyo msiiwekee kesi ya Lange matumaini makubwa.

Kuhusu gari: kifungu cha 14602.7 kinaruhusu, kwa hati ya hakimu, gari lililotumika kumkwepa polisi kuzuiliwa kwa hadi siku 30, na gharama za kulitunza huongezeka kila siku. Wewe kama mmiliki una haki ya kuomba kikao cha kuhoji uhalali wa kulizuia, na ombi hilo lifanywe ndani ya siku 10 tangu tarehe iliyo kwenye taarifa uliyotumiwa. Kikao hufanyika ndani ya saa 48 baada ya ombi, bila kuhesabu mwisho wa wiki na sikukuu. Eleza kwamba hukuwamo garini na hukujua lililokuwa likitendeka. Eleza hayo tu. Usisimulie aliyokuambia mwanao kuhusu usiku ule.

Utapokea pia ushauri kutoka kwa ndugu walioko majimbo mengine, na nakuomba uusikilize kwa tahadhari, kwa kuwa kila jimbo lina sheria yake. Florida kumkwepa polisi ni kosa kubwa tangu ngazi ya kwanza, lenye kifungo cha hadi miaka 5. Texas, kukimbia kwa gari kunaweza kuleta miaka 2 hadi 10. Aliyepona huko au aliyefungwa huko hawezi kukuambia kitakachotokea San Diego.

Una watoto wadogo wanaojifunza kuendesha, nao wafundishwe kwa mfano wa Georgia. Mwaka 2001, kijana wa miaka 19 alionekana akiendesha maili 73 kwa saa mahali penye kikomo cha 55, kosa la kuandikiwa faini tu. Hakusimama. Askari aliligonga gari lake kwa nyuma ili kumzuia, likapinduka, na kijana akapooza mikono na miguu. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, nayo mwaka 2007 ikaamua kwa kura 8 dhidi ya 1 kwamba askari hakuvunja katiba. Wafundishe basi: taa ikiwaka nyuma, washa ishara ya kulia, punguza mwendo, simama ukingoni. Kama pana giza, washa taa za tahadhari, nenda polepole hadi penye mwanga palipo karibu, na ukiwa na shaka kama ni polisi wa kweli, piga 911, namba ya dharura, uwaambie unakokwenda kusimama. Usitoke garini kwenda kumsalimu askari kama tulivyozoea kwetu. Mikono ibaki juu ya usukani mpaka uambiwe.

La mwisho ni la siku ya mahakama. Katiba ya California inampa mshtakiwa asiyeelewa Kiingereza haki ya mkalimani katika hatua zote za kesi, na Kiingereza kinachotosha kazini huenda kisitoshe kuelewa maneno ya kukiri kosa yanayosomwa haraka. Mwanao aombe mkalimani mapema kupitia wakili, na ataje wazi kwamba anahitaji Kiswahili cha Kongo, kwa sababu mkalimani aliyezoea Kiswahili cha Mombasa au Dar es Salaam anaweza kukwama kwenye matamshi na maneno ya Bukavu, naye kijana akatikisa kichwa kukubali asichokielewa. Mjomba anaweza kufika na kuketi pamoja nanyi, lakini kazi ya kutafsiri asipewe yeye.